Nani Anadaka?

Ukimsifia kitu kwamba kina kasi, alikuwa na swali moja tu la kukuuliza: "Nani anadaka?"

Aliuliza hivyo kuhusu simu, lakini pia kuhusu boti mpya yenye mashine mbili, kuhusu mbegu ya mpunga iliyosemekana kukomaa upesi, hata kuhusu bwana harusi aliyekuwa na haraka ya kuoa. Swali lilitoka kwenye kazi yake ya kuchajia watu simu. Kule Mbwera, kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, watu hawasemi wametumiana wimbo kwa simu, wanasema wamerushiana. Nirushie, nikurushie, alinirushia jana. Kwa ninavyojua, yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba neno hilo limemwacha mtu mmoja nje. Kitu kikirushwa lazima awepo wa kukidaka, na anayedaka akiwa na mikono mizito, nguvu zote za anayerusha zinaishia hewani.

Tulimwita Mama Chaji. Mwanawe alipokuwa bado nyumbani, aliitwa kwa jina la huyo mwanawe, kama mama yeyote wa pwani. Kisha mwana akaondoka, ikaja sola, zikaja simu, na watu waliomjua kwa shida za betri tu wakampa jina jipya. Hata wa rika lake wakalifuata. Nilimuuliza mara moja kama lilimkera.

"Lile la kwanza lilikuwa zuri," alisema. "Lakini mwenye jina yuko Tunduma. Hizi simu angalau zipo."

Zilikuwa zama ambazo soko huria, lililotujia kwa mitumba na redio za Dubai, lilikuwa limekwisha kushuka hadi kwenye mifuko ya wavuvi. Pale Kibiti, kando ya barabara ya kwenda Lindi, kila kibanda kilikuwa na tangazo lake na kila tangazo lilikuwa na neno "kasi". Mimi nilikuwa nikipeleka habari za delta kwenye gazeti moja la Dar es Salaam: bei ya kamba, mafuriko, mikoko iliyokatwa. Nilikuwa na kinasa sauti chenye betri mbovu na simu ya tochi isiyojua kupokea chochote ila maneno. Kwa hiyo kila safari nilishukia kwake, na kwa sababu betri haina haraka, nilikaa.

Sebuleni kwake kulikuwa na ubao mrefu uliopigwa ukutani kwa misumari, na simu za watu zimepangwa juu yake kama samaki kwenye uchaga. Kila moja aliifunga utepe wa kanga iliyochakaa, rangi ya kila mtu mbali. Mtandao haukufika nyumbani kwake. Ukitaka kupiga simu ulikwenda nyuma ya shule, penye mchanga ulioinuka, ukasimama na wenzako mnapokezana mahali pa kukanyaga. Kwa hiyo zile simu za ubaoni hazikuita. Zilichofanya ni kulia kengele za kuamsha. Mwenyewe alishaamka zamani na yuko baharini, lakini kengele aliyoitega ililia kwa Mama Chaji, moja ikafuata nyingine, muziki huu na muziki ule, kuanzia alfajiri hadi jua lilipopanda. Naye akiwa jikoni alizijibu: "Haya, haya, tumeamka."

Katika nyumba ile hakukuwa na mwingine wa kuamshwa.

Simu ya mtu kwake ilikuwa amana. Hakuifungua, hakuitazama kioo zaidi ya alama ya betri, na iliyowaka yenyewe aliigeuza kifudifudi kama unavyomfunika mtu aliyelala vibaya. Mke wa mtu alifika siku moja nikiwepo, anataka aonyeshwe tu majina yaliyomo kwenye simu ya mumewe.

"Dada, mimi nachaji," alimwambia. "Sifungui."

"Mimi si mkewe?"

"Uliolewa na yeye au na simu? Akirudi mfungue yeye."

Yule mwanamke alitoka anacheka na anafuta machozi kwa pamoja. Mama Chaji akarudi kwenye ukili wake, akasuka bila kuinua macho, na baada ya kitambo akasema, si kwangu hasa, kwamba watu hawajui raha ya kuwa na mtu wa kumshuku.

Majaribio yake ya kasi yalianza kwa ubishi na shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, nahodha wa boti ya abiria kati ya Nyamisati na Mbwera, mtu wa maneno mengi na simu kubwa. Alifika siku moja na programu mpya ya kurushia, ambayo watu waliiita "ya kijani" kwa rangi ya alama yake.

"Shemeji, hii siyo mchezo. Imeandikwa humu, mara mia ya blutuu."

"Imeandikwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Wenyewe walioitengeneza?"

"Sasa aandike nani mwingine?"

"Basi hata mimi nitaandika hapo mlangoni kwamba wali wangu ni mtamu mara mia ya wa mkeo."

"Kweli tupu," alisema nahodha. "Lakini usiandike, nitakosa pa kulala."

Hakumwachia hapo. Akataka ipimwe. Nahodha akasema simu yenyewe inaonyesha imetumia muda gani na kasi gani, hata namba inapanda mbele ya macho. Mama Chaji akasema hawezi kumfanya mshtakiwa kuwa shahidi, na saa ya simu ni ndugu yake simu. Akaingia ndani, akatoka na nazi mbili zilizovunjwa na mbuzi ya kukunia, akaikalia mbuzi hapo barazani, akakunja kanga magotini.

"Rusha," alisema, na papo hapo akaanza kukuna.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake tangu siku ile. Aliyerusha alipiga kelele "Imefika!" naye akasimamisha mkono na kutazama kilichobaki kwenye kifuu. Video ileile, ya harusi ya jirani, ilirushwa kwa njia zote. Kwa blutuu, kutoka simu ya nahodha kwenda ya abiria mmoja mnunuzi wa kamba, alimaliza nazi nzima na kuingia ya pili. Kwa ile ya kijani, simu zilezile, hakufika hata nusu ya kifuu cha kwanza. Nahodha akaruka juu. Mama Chaji akakubali kwamba ni kweli ina mbio, ila hiyo mara mia angeonyeshwa nazi yake iko wapi.

Kisha akasema, "Sasa nirushie mimi."

Simu yake ilikuwa ya kioo pia, lakini ya zamani, imenunuliwa imetumika, mlango wa kadi umevunjika na kumbukumbu imejaa. Video ileile, programu ileile, na nahodha yuleyule. Alikuna nazi ya kwanza, akakuna ya pili, akaomba ya jirani. Programu ikasimama katikati, ikaonyesha tangazo la mchezo wa kupanga matunda, ikaendelea.

"Simu yako mbovu, shemeji," alisema nahodha.

"Kwani tangazo lilisema mara mia kwa wenye simu nzuri?"

"Halikusema."

"Basi. Wewe unarusha. Nani anadaka? Mimi ndiye ninayedaka, na mimi ndiyo hii."

Baada ya hapo kila programu mpya iliyoingia Mbwera ilipita barazani kwake. Aliipima simu zikiwa zimelala mkeka mmoja, akaipima moja ikiwa mlangoni na nyingine uani, akaipima nahodha akiwa ndani ya boti na yeye ufukoni. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaumbua wengi, maana boti ikiyumba kidogo tu simu zilipoteana. Kisha akageuza, aliyerusha adake na aliyedaka arushe. Muuza nyimbo wa Kibiti, aliyekuwa na kompyuta na kazi ya kujaza watu muziki kwenye kadi, alipopata habari za kipimo hiki alicheka hadharani. Alisema nazi na nazi si sawa. Mama Chaji akamjibu kupitia kwa nahodha kwamba mkono ni uleule. Lakini mimi niliyekuwa nikimtazama nilijua kwamba mkono nao ulichoka, na nazi ya mwisho siku zote ilikwenda taratibu kuliko ya kwanza. Nilimwambia. Tangu hapo programu aliyoishuku sana aliipima mwanzo, mkono ukiwa mpya, ili isipate kisingizio.

Zile nazi zilizokunwa hazikutupwa. Alizikamua tui, akapika wali mwingi kupita kiasi cha mtu mmoja, akawapelekea majirani. Watu walizijua siku za majaribio kwa harufu, na nimesikia mama mmoja akiuliza kama hakuna programu nyingine mpya iliyotoka. Nilishangaa mara nyingi kwamba mtu aliyepika hivyo alikula mwenyewe amegeukia ukuta. Sahani iliyokwenda kwa jirani aliifuatia kesho yake, akaipokea mlangoni, hakuingia. Ukimkaribisha alisema simu za watu ziko peke yake nyumbani.

Kuna jambo moja alilikosea, na alilikosea kwa miaka. Aliamini kwamba simu yenye betri kamili inarusha haraka kuliko yenye betri pungufu. "Simu yenye njaa hairushi," alisema, na kabla ya jaribio lolote alizilisha zote mbili hadi zishibe. Wateja nao wakaamini. Watu walileta simu zenye betri ya kutosha kabisa wazishibishe kwanza ndipo warushiane taarabu. Nahodha alimtania kwamba hiyo ni elimu ya mwenye duka. Aliudhika kweli. Akachukua simu mbili zilizokaribia kuzima, akakalia mbuzi, na matokeo yakawa karibu sawa na ya simu zilizoshiba, isipokuwa pale moja ilipoanza kubana matumizi yenyewe na kusinzia. Alitazama kifuu muda mrefu. Kesho yake alimwambia kila aliyeleta simu: "Hiyo inatosha, kaendelee nayo." Mapato yalipungua. Nahodha alipomwambia angenyamaza tu, alisema hawezi kukaa na uongo ndani ya nyumba, nyumba yenyewe ndogo.

Nimeyaeleza haya ili ieleweke alivyokuwa mtu wa namna gani ilipofika video ya mwanawe.

Mwana alikuwa ameondoka kwenda kutafuta. Alianza Dar es Salaam, akawa utingo wa malori, akatua Tunduma kwenye mpaka. Ahadi yake ilikuwa kurudi na kujenga pembeni ya mama yake. Walizungumza kwa simu pale nyuma ya shule, watu wakiwa wamewazunguka, sauti inakatika. Mazungumzo yalikuwa salamu, mvua, afya, basi. Mama Chaji alimwomba jambo moja. Hakutaka kutumiwa kitu, alitaka kumwona: ajirekodi kwenye simu, aonekane anavyokaa, na mahali anapokaa.

Akajirekodi. Dereva wa lori aliichukua ile video hadi Kibiti, muuza nyimbo akaipokea kwenye kompyuta, akampa nahodha. Lakini muuza nyimbo alikuwa mtu wa kusaidia kupita alivyoombwa. Alipoona faili ni zito kupindukia alilikata, akamtengenezea Mama Chaji kipande chepesi cha mwanzo. Kikafika kwa urahisi. Nilikuwepo ufukoni alipokitazama. Mwanawe, kijana mnene kidogo kuliko alivyomkumbuka, anasema shikamoo mama, mimi mzima, nisalimie baba mdogo, usijitese na kulima, tutaonana Mungu akipenda. Anainama mbele kuweka simu chini. Basi.

"Mbona fupi?" aliuliza.

"Iliyobaki ni uchafu tu," alisema nahodha. "Amesahau kuzima. Inaonyesha dari. Nimeipeleka mbele mpaka mwisho, dari tu."

"Dari ya wapi?"

"Ya kwake, chumbani."

"Chumba cha mwanangu?"

"Ndiyo, shemeji, lakini ni dari."

"Basi niletee hiyo dari."

Nahodha akamnyooshea simu yake, aitazame hapohapo. Alikataa. Boti ilikuwa inangurumisha mashine, abiria wanapiga kelele, maji yanaanza kupungua. Alisema hawezi kumtazama mwanawe akiwa amesimama. Aliitaka kwenye simu yake, aitazame ameketi, na airudie.

Hapo ndipo hesabu zote za kasi zilipogeuka kuwa jambo lake mwenyewe. Boti ilisimama kwake kwa muda ambao maji yaliruhusu, na maji ya vijito vile yakianza kupwa hayamngoji mtu. Muuza nyimbo alikuwa ameshafuta faili zima baada ya kulikata. Mwana alishabadilisha simu. Video kamili ilibaki mahali pamoja tu, kwenye simu ya nahodha, nayo ilikuwa imejaa, na nahodha alishaanza kusema kwamba siku moja itabidi apunguze vitu. Alizifuta nyimbo zake nusu kwa ajili ya shemeji yake, na alimkumbusha hivyo kila safari.

Njia ya mkato ilikuwepo, ipo ubaoni. Simu mbili tatu za wateja zilikuwa mpya, zingeidaka ile video kwa nusu ya kifuu. Nilimwambia awaombe wenyewe ruhusa. Akatikisa kichwa. Alijua, kuliko mtu yeyote, mambo yanavyorushwa Mbwera. Kilichoingia simu moja siku ya sokoni, Ijumaa kiko kwenye simu zote. Alishaona msiba wa mtu ukitazamwa vibarazani na watu wanaotafuna mihogo. "Chumba cha mwanangu hakitapita mikononi," alisema. Shemeji yake ni damu ya mwanawe, wengine hapana.

Ikawa kila boti ikifika ameshafika yeye ufukoni, simu mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Walijaribu ya kijani, ikafika robo ikakatika. Walijaribu nyingine ya bluu iliyokuja na sifa kubwa zaidi, ikadai simu ya Mama Chaji iongezewe toleo jipya, na toleo jipya linataka mtandao, na mtandao uko nyuma ya shule. Walijaribu nahodha akishuka na kukaa kwenye matope karibu naye, magoti yamegusana, abiria wanawapigia miluzi kama wachumba.

"Shemeji, utanifanya niachwe," alisema nahodha.

"Tulia usiitikise."

Ilikatika.

Nilimsindikiza Kibiti siku aliyokwenda kumtafuta muuza nyimbo. Alidhani labda huko kuna ujanja. Alisimama mbele ya kibanda, chini ya tangazo lililosema rusha chochote kwa kufumba na kufumbua, akalisoma kwa sauti.

"Kufumba na kufumbua," alisema. "Nimefumba mwezi wa ngapi huu?"

"Mama yangu, ile ilikuwa dari," alisema muuza nyimbo. Alikuwa mtu mwema, jasho lilikuwa linamtoka. "Mimi nilikuondolea uzito. Mtu hawezi kukaa anaangalia dari."

"Wewe mama yako anakaa wapi?"

"Hapahapa. Nyumba ya pili."

"Ndiyo maana," alisema Mama Chaji, bila hasira, na tukaondoka.

Pale Nyamisati, tukingoja boti, aliniuliza kama kwenye gazeti langu naweza kuandika kwamba matangazo yote ya kasi yanasema habari za anayerusha tu. Nikasema nitajaribu. Niliandika, mhariri akakata, akaacha bei ya kamba.

Kisha nikahamishiwa kaskazini, na sikufika delta kwa muda mrefu.

Nilivyosikia baadaye kutoka kwa nahodha ni kwamba video ilifika, na ilifika kwa blutuu. Alikuwa amechelewa kutoka upande wa pili, akadanganyika na kina, na maji ya bamvua, yanayopwa mbali kuliko siku nyingine, yakamkimbia. Boti ikakaa kwenye matope mbele ya nyumba ya shemeji yake, imeinama upande, abiria wakashuka kwa kuvua viatu. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja maji yarudi. Ile ya kijani wakaijaribu, ikagoma. Basi nahodha akaweka simu yake juu ya mkeka kando ya ile ya Mama Chaji, akachagua blutuu, njia ya zamani kuliko zote na isiyojisifu, akalala. Mama Chaji hakukuna nazi siku hiyo. Alikaa kando ya simu mbili na kupepea nzi. Maji yaliporudi na boti ikaelea, video ilikuwa imefika, nzima.

"Alifurahi?" nilimuuliza.

"Alinipa chakula," alisema nahodha. "Akaniambia sasa unaweza kuifuta, uweke nyimbo zako."

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa mchana, maji yamepwa. Mnara ulikuwa umejengwa ng'ambo ya kijito na watu wengi walikuwa na sola zao. Ubao ulikuwa na simu tatu tu. Alikuwa amepungua mwili, lakini alinijua kwa hatua kabla sijapiga hodi.

"Mwandishi. Bado una ile ya tochi?"

"Bado, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Keti. Leo nitakuonyesha."

Akaweka simu kati yetu, imeegemea kikombe. Salamu zikapita, nilizozijua. Mwanawe akainama, picha ikayumba, na ikatulia kwenye dari ya mbao nyeupe yenye doa la maji pembeni na taa iliyoning'inia. Sauti za lori zilisikika nje. Maji yalimiminwa kwenye kitu. Mtu akakohoa, na Mama Chaji akasema, "Huyo ni yeye. Kikohozi cha babake." Tukaendelea kutazama. Kiti kikasogezwa. Mlango ukalia. Alikuwa ameshajua kila sauti kabla haijatoka, akinitajia: hapa anavua viatu, hapa anatafuta kijiko. Nilielewa kwa nini aliipigania. Katika dari ile mwanawe hakuwa anamsalimia mtu, alikuwa anaishi tu, na mama yake yupo.

Kisha ikaingia sauti ya mwanamke. Mama Chaji akaacha kutaja.

"Umemwambia?" aliuliza yule mwanamke.

"Nimemsalimia."

"Sikuuliza salamu. Umemwambia kwamba haturudi huko?"

Kijiko kiligonga kikombe.

"Kiwanja tumenunua hapa, watoto wanasoma hapa. Mwambie mama wa watu asingoje."

"Nikimwambia," alisema mwanawe, taratibu sana, "atabaki anangoja nini?"

Dari iliendelea, na lile doa, mpaka mkono ukaja ukafunika kila kitu na video ikaisha. Nahodha alikuwa ameipeleka mbele mpaka mwisho na kuona dari tu. Hakusikiliza.

Nikauliza lililo rahisi, kama mwanawe anajua kwamba imefika.

"Alipiga juzi," alisema. "Siku hizi naipokea hapahapa kitandani. Akaniuliza, mama, ile video hatimaye ilifika yote?"

Alichukua simu, akaifuta kioo kwa pindo la kanga, pande zote mbili.

"Nikamwambia hapana. Nikamwambia imeishia kwenye salamu, hizi programu zao za kasi ni uongo mtupu. Nilimsikia anashusha pumzi, mwanangu. Akasema basi atanirekodia nyingine."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia airekodi tu atakapopata nafasi. Hakuna haraka."